Kettering: Aliyezipa injini cheche, akaitia petroli sumu

KILA fundi anapofungua kifuniko cha distributa ya gari kuukuu la kabureta ili kukagua pointi, huwa anaishika kazi ya mtu ambaye pengine hajawahi kulisikia jina lake. Mtu huyo ni Charles Franklin Kettering, mhandisi wa Marekani aliyezaliwa mwaka wa 1876 na kuaga dunia mwaka wa 1958.

Kettering ndiye aliyebuni mfumo wa betri na koili uliowasha injini za magari mengi duniani kwa zaidi ya nusu karne. Ndiye pia aliyeongoza utafiti uliosababisha madini ya risasi kutiwa katika petroli, hatua iliyoupa ulimwengu injini zenye nguvu na wakati uo huo kueneza sumu hewani kwa takriban miaka 100.

Cheche na mafuta ni mambo mawili yasiyotengana. Yeyote anayetengeneza gari la kabureta la kutumia mjini siku za kazi na kushindana katika mbio fupi mwishoni mwa juma hulazimika kuyachagua kwa pamoja. Akikosea moja, jingine humwadhibu. Maisha ya Kettering yanaeleza ni kwa nini iko hivyo, na pia yanaonyesha jinsi uteuzi mmoja wa mafuta unavyoweza kuwagharimu watu ambao hata hawana gari.

Mtoto wa shamba mwenye macho mabovu

Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti, 1876 katika shamba lililo karibu na mji wa Loudonville, jimbo la Ohio. Wazazi wake, Jacob na Martha Kettering, walikuwa wakulima, naye alikuwa mtoto wa nne kati ya watano.

Tangu utotoni alisumbuliwa na macho. Kusoma kwa muda mrefu kulimletea maumivu makali ya kichwa, na hali hiyo nusura ikatize ndoto yake ya masomo. Baada ya kufundisha kwa muda katika shule ya kijijini, alijiunga na chuo cha Wooster na baadaye Chuo Kikuu cha Ohio State, ila macho yakamlazimisha kuacha.

Kijana huyo hakurudi nyumbani kukaa bure. Alipata kazi katika kikosi cha kuchimba mashimo ya nguzo na kutandaza nyaya za simu. Huko ndiko alikojifunza umeme kwa mikono kabla ya kuumaliza kwa vitabu. Wakati huo ndipo alipokutana na Olive Williams wa mji wa Ashland, ambaye walifunga ndoa mwaka wa 1905. Walijaliwa mtoto mmoja, Eugene, aliyezaliwa mwaka wa 1908.

Macho yalipopata nafuu alirejea chuoni, huku wenzake wakimsomea vitabu kwa sauti. Alihitimu shahada ya uhandisi wa umeme mwaka wa 1904, akiwa na umri wa miaka 27. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini dunia haikumdekeza Kettering, naye hakuitaka imdekeze.

Mwaka huo huo aliajiriwa na kampuni ya National Cash Register mjini Dayton, iliyounda mashine za kuhesabia fedha madukani. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kuiondolea mashine hiyo mkono wa kuzungusha na kuitilia mota ya umeme.

Wahandisi wengi waliamini kwamba mota yenye nguvu za kutosha ingekuwa kubwa kuliko mashine yenyewe. Kettering aliliangalia jambo hilo kwa jicho jingine. Mota hiyo haikuhitajika kufanya kazi mchana kutwa. Ilihitajika kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache tu, kisha ipumzike na kupoa. Kwa hivyo ingeweza kuwa ndogo. Mwaka wa 1906 mashine hiyo ya umeme ilikuwa tayari.

Ghala la Dayton

Mwenzake kazini, Edward Deeds, alikuwa na ghala nyuma ya nyumba yake. Kuanzia mwaka wa 1908, Kettering na marafiki kadhaa walikuwa wakikutana humo jioni na mwishoni mwa juma, baada ya kazi ya kuajiriwa, kushughulikia tatizo la cheche za magari.

Magari ya wakati huo yalitumia magneto au betri kavu. Magneto hutoa cheche kali injini inapokwenda kasi, lakini huwa dhaifu injini inapozungushwa polepole wakati wa kuwashwa. Nayo mifumo ya betri kavu ilitoa mvua ya cheche nyingi mfululizo, ambapo moja tu ndiyo iliyohitajika. Zilizosalia zilimaliza betri bure.

Mfumo wa Kettering ulitoa cheche moja tu, tena kwa wakati wake. Pointi zinapofungwa, umeme wa betri hupita katika waya mnene wa koili na kujenga nguvu za sumaku. Pointi zinapofunguka ghafla, nguvu hizo huporomoka na kuzalisha maelfu ya volti katika waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara. Distributa huupeleka umeme huo kwenye plagi ya silinda inayostahili, huku kondensa ikizuia pointi zisiungue.

Mwaka wa 1909 Henry Leland, aliyekuwa akiongoza kampuni ya Cadillac, alikubali kununua mfumo huo. Kettering na Deeds waliunda kampuni ya Dayton Engineering Laboratories, ambayo herufi za mwanzo za jina lake zilizaa neno Delco. Jina hilo lingali linasomwa kwenye betri na vipuri vya magari hadi leo.

Mkono wa kuzungusha injini

Kazi iliyofuata ndiyo iliyolifanya jina la Kettering kuwa maarufu. Enzi hizo dereva aliwasha gari kwa kuingiza hendeli ya chuma mbele ya injini na kuizungusha kwa nguvu. Cheche ikija mapema mno, pistoni ikiwa bado inapanda, injini huzunguka kinyume kwa ghafla na kuirusha hendeli. Wengi walivunjika mikono.

Husimuliwa kwamba Byron Carter, mtengenezaji wa magari na rafiki wa Leland, alifariki mwaka wa 1908 kutokana na majeraha aliyoyapata alipokuwa akimsaidia dereva mwingine kuwasha gari, na kwamba msiba huo ndio uliomfanya Leland atafute njia nyingine. Yawe yalitendeka hivyo au la, hatari yenyewe ilijulikana na kila dereva.

Kettering alirudia wazo lake la mashine ya dukani. Mota ya kuwashia gari hufanya kazi kwa nukta chache tu, hivyo inaweza kuwa ndogo na kupewa umeme mwingi kupita kiasi chake cha kawaida. Aliunganisha mota hiyo, jenereta ya kuchaji betri, taa na mfumo wa cheche kuwa kitu kimoja. Magari ya Cadillac ya mwaka wa 1912 ndiyo yaliyotangulia kuuzwa yakiwa na mfumo huo.

Mabadiliko yalikuwa makubwa. Gari lililokuwa la wenye misuli likawa la yeyote anayeweza kubonyeza kitufe. Wanawake na wazee waliokuwa wakitegemea magari ya umeme kwa sababu ya ugumu wa hendeli waliyageukia ya petroli, na soko la magari ya umeme likafifia.

Mwaka wa 1916 kampuni ya Delco iliuzwa kwa shirika la United Motors, ambalo mwaka wa 1918 lilimezwa na General Motors. Kuanzia mwaka wa 1920 hadi alipostaafu mwaka wa 1947, Kettering alikuwa mkuu wa utafiti wa General Motors. Wafanyakazi walimwita kwa mapenzi Boss Ket.

Injini inapogonga

Hata hivyo, sifa ya mfumo wake ilikuwa imeingia doa. Injini mpya zenye nguvu zaidi zilikuwa zikigonga. Dereva alipokanyaga mafuta kupanda mlima, alisikia mlio kama wa misumari inayotikiswa ndani ya mkebe. Lawama zikaelekezwa kwa betri na koili. Washindani walidai kwamba ni cheche ya Kettering iliyokuwa ikigongesha injini.

Mtu mwingine angekanusha na kuendelea na shughuli zake. Kettering alitaka kujua. Mwaka wa 1916 alimkabidhi kazi hiyo kijana aliyekuwa amejiunga naye, Thomas Midgley, aliyezaliwa mwaka wa 1889 na kusomea uhandisi wa mitambo.

Midgley aliunda kifaa cha kupiga picha ya mabadiliko ya shinikizo ndani ya silinda. Picha zilionyesha kwamba kugonga kulitokea baada ya cheche. Cheche huwasha mafuta upande mmoja, na moto husafiri kwa utaratibu kuelekea upande wa pili. Lakini mafuta yaliyosalia mwishoni hubanwa na kupashwa joto na moto huo unaokuja. Yakiwa dhaifu hulipuka yenyewe kwa ghafla kabla ya kufikiwa. Mlipuko huo ndio mgongo unaosikika, na ndio unaoweza kutoboa pistoni.

Kwa maneno mengine, cheche ilikuwa imesingiziwa. Mkosaji alikuwa mafuta.

Kettering alikisia kwamba mafuta yenye rangi nyekundu yangefyonza joto na kuungua vizuri zaidi, kwa kuwa alijua mmea wa porini wenye majani mekundu unaochanua mapema theluji ikingalipo. Stoo ya maabara haikuwa na rangi nyekundu, hivyo Midgley alitumia iodini. Kugonga kukapungua. Walipojaribu rangi nyingine nyekundu, hazikusaidia chochote. Wazo lilikuwa la makosa, lakini lilifungua mlango: iodini yenyewe ndiyo iliyokuwa dawa.

Iodini ilikuwa ghali na ilikula vyuma. Kwa miaka kadhaa walijaribu kemikali moja baada ya nyingine. Baadhi zilinuka kiasi kwamba watafiti walitengwa na watu kwa harufu iliyong'ang'ania mwilini na kwenye nguo. Tarehe 9 Desemba, 1921 walijaribu kampaundi ya madini ya risasi iitwayo tetraethili ya risasi. Matone machache yalitosha kuituliza injini iliyokuwa ikipiga kelele.

Njia iliyoachwa

Risasi haikuwa dawa pekee. Kettering na Midgley walijua vyema kwamba alkoholi, hasa ethanoli inayotokana na miwa na nafaka, huzuia injini kugonga. Midgley mwenyewe alikuwa ameonyesha hadharani gari lililotumia mchanganyiko wa petroli na alkoholi.

Lakini ethanoli ilihitajika kwa kiwango kikubwa, na hakuna kampuni ambayo ingeweza kuimiliki peke yake, kwani kila mkulima angeweza kuitengeneza. Tetraethili ya risasi ilihitajika kidogo mno, iligharimu senti chache kwa kila galoni, na matumizi yake yangeweza kulindwa kwa hataza. Hapo ndipo biashara ilipopita mbele ya tahadhari.

Petroli hiyo ilianza kuuzwa mjini Dayton tarehe 2 Februari, 1923 kwa jina la Ethyl, jina ambalo halikutaja risasi. Mwezi wa Mei mwaka huo magari yaliyomaliza katika nafasi za kwanza kwenye mashindano ya Indianapolis yalikuwa yameitumia. Hakuna tangazo ambalo lingeizidi nguvu habari hiyo.

Agosti 1924 General Motors na kampuni ya Standard Oil ya New Jersey ziliunda kampuni ya Ethyl. Kettering akawa rais wake wa kwanza, na Midgley makamu wake.

Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo geni. Madaktari walikuwa wameyajua madhara yake tangu kale, na Midgley alilazimika kupumzika mwanzoni mwa mwaka wa 1923 baada ya kudhurika. Wafanyakazi kadhaa walifariki katika viwanda vya Dayton na Deepwater. Kisha Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walifariki wakiwa wamerukwa na akili, na wengine zaidi ya 30 wakalazwa hospitalini.

Habari hizo zilizua taharuki. Miji kadhaa ilipiga marufuku petroli hiyo, na mwaka uliofuata kampuni ikasimamisha mauzo. Tarehe 20 Mei, 1925 mkuu wa afya ya umma nchini Marekani aliitisha mkutano mjini Washington. Kettering alisimama kuitetea bidhaa yake akieleza jinsi ulimwengu ulivyohitaji kuyahifadhi mafuta. Dkt Alice Hamilton wa Chuo Kikuu cha Harvard, bingwa wa magonjwa ya viwandani, na Profesa Yandell Henderson wa Yale walionya kwamba risasi itakayotoka katika mabomba ya magari itaingia polepole katika miili ya watu wote.

Kamati iliyoteuliwa ilitoa ripoti yake mwaka wa 1926. Haikuona sababu ya kutosha ya kupiga marufuku, ila ilishauri uchunguzi uendelezwe kwa miaka ijayo. Mauzo yakarejelewa. Uchunguzi huo ulibaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa wenye biashara. Mojawapo ya maabara zilizoufanya, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, ilifadhiliwa na kampuni zilizouza risasi na ilibeba jina la Kettering.

Kushindwa na kuinuka tena

Kettering hakufaulu katika kila jambo. Injini aliyoibuni ipozwe kwa hewa na mapezi ya shaba, badala ya maji, ilitiwa katika magari ya Chevrolet mwaka wa 1923. Yaliundwa magari 759 tu, yakapata joto kupita kiasi, na yaliyokuwa yameuzwa yakarejeshwa. Kettering alitaka kujiuzulu, lakini mkuu wa kampuni, Alfred Sloan, alimsihi abaki.

Alibaki, na maabara yake ikatoa mengi. Ilisaidia kupata rangi inayokauka upesi, gesi ya majokofu ya Freon, na injini nyepesi za dizeli zilizoondoa garimoshi za mvuke katika reli za Marekani miaka ya 1930 na 1940. Mwanawe Eugene alishiriki katika kazi hiyo ya dizeli. Kufikia mwisho wa maisha yake Kettering alikuwa na hataza 186.

Mwaka wa 1947, alipokuwa akistaafu, aliwaonyesha wahandisi wenzake injini ya majaribio iliyobana mafuta kwa uwiano wa 12.5 kwa 1, ilhali magari ya wakati huo yalibana takriban 6 au 7 kwa 1. Kadiri mchanganyiko wa hewa na petroli unavyobanwa zaidi kabla ya kuwashwa, ndivyo injini inavyopata nguvu nyingi kwa mafuta yale yale.

Utafiti huo ulizaa injini ya silinda nane ya Oldsmobile iliyoitwa Rocket, iliyoanza kuuzwa katika magari ya mwaka wa 1949. Vijana wa California waliokuwa wakishindana katika viwanja vya ndege vilivyotelekezwa waliipenda mno. Mbio zao za robo maili, yaani takriban mita 400 za barabara iliyonyooka, zilipata chama chao, NHRA, mwaka wa 1951. Vijana hao waliing'oa injini hiyo kutoka magari yaliyoharibika, wakaipachika katika mabodi mepesi ya zamani, wakaiongezea kabureta.

Magari yao yalikuwa ushahidi unaotembea wa maisha ya mtu mmoja. Injini ilitoka katika utafiti wa Kettering, stata ilikuwa yake, koili na pointi zilikuwa zake, na risasi iliyozuia petroli kulipuka kabla ya wakati ilitoka katika maabara yake.

Uteuzi usioisha

Vijana hao walijifunza upesi kile ambacho Midgley alikiona katika picha zake. Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili kubanwa bila kulipuka yenyewe. Petroli ya okteni ya juu haiongezi nguvu katika injini isiyoihitaji. Kazi yake ni kuiruhusu injini inayobana sana ifanye kazi bila kujiumiza. Mwenye injini ya kawaida anayenunua mafuta ya mashindano hupoteza fedha zake bure.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Aliyeweka pistoni za kubana sana kisha akatumia petroli ya kawaida hulazimika kuichelewesha cheche ili injini isigonge, na kwa kufanya hivyo huzipoteza nguvu zile zile alizozitafuta. Akikaidi, pistoni hutoboka.

Mfumo wa pointi nao una kikomo chake. Injini ya silinda nane inayozunguka mara 6,000 kwa dakika inahitaji cheche 400 kila nukta. Koili hukosa muda wa kujaa umeme, na pointi huanza kurukaruka. Ndiyo maana wapenda mbio waliweka pointi mbili mbili, wengine wakarejelea magneto, na kuanzia miaka ya 1970 pointi zikaanza kuachwa na nafasi yake kuchukuliwa na vifaa vya elektroniki. Hata hivyo koili ilibaki, na kanuni ya Kettering ingali inafanya kazi.

Plagi pia huchaguliwa kwa kuzingatia safari. Plagi baridi, inayopoteza joto haraka, huilinda injini katika mbio, ila hujaa masizi kwenye msongamano wa mjini. Plagi moto hujisafisha katika mwendo wa pole, lakini katika mbio inaweza kuwa kama kaa la moto na kuwasha mafuta kabla ya cheche. Anayetaka gari moja lifanye kazi zote mbili hubadilisha plagi kabla ya mashindano, au hukubali kupoteza kidogo huku na huku.

Hata risasi ilikuwa na kisirani chake kwa cheche. Iliganda kwenye plagi na valvu, ikabidi iongezewe kemikali ya bromini ili itoke na moshi. Kilichookoa plagi ndicho kilichohakikisha kwamba risasi inaishia hewani.

Nayo ethanoli iliyowekwa kando miaka ya 1920 imerudi. Hustahimili kubanwa na hupoza injini, ila gari huhitaji kiasi kikubwa zaidi, hivyo jeti za kabureta hupanuliwa. Kenya yenyewe iliichanganya na petroli katika miaka ya 1980, ikitumia ethanoli iliyotokana na molasi ya miwa katika kiwanda cha Muhoroni.

Mwisho uliotangazwa Nairobi

Mwaka wa 1945 Kettering na Sloan walianzisha taasisi ya utafiti wa saratani mjini New York inayobeba majina yao. Mwaka uliofuata mkewe Olive alifariki kwa ugonjwa huo huo. Kettering mwenyewe alifariki tarehe 25 Novemba, 1958 mjini Dayton akiwa na umri wa miaka 82, akiheshimiwa kote Marekani. Mji jirani wa Dayton ulikuwa tayari umepewa jina lake. Midgley alikuwa ametangulia mwaka wa 1944.

Hakuishi kuona hukumu. Mwaka wa 1965 mwanasayansi Clair Patterson alionyesha kwamba miili ya Wamarekani ilikuwa na risasi nyingi mno kupita kiwango cha asili. Utafiti uliofuata ulithibitisha kwamba sumu hiyo huathiri akili za watoto hata inapokuwa kidogo. Cha kushangaza, General Motors yenyewe ndiyo iliyochangia kuiua petroli hiyo, kwani vifaa vya kusafisha moshi ilivyoweka katika magari yake ya mwaka wa 1975 viliharibiwa na risasi. Marekani iliipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani mwaka wa 1996.

Barani Afrika, wajumbe waliokutana Dakar mwaka wa 2001 walikubaliana kuiondoa, na mwanzoni mwa mwaka wa 2006 Kenya na mataifa mengine yaliyo kusini mwa Sahara yakaacha kuiuza. Wenye magari ya zamani waliokuwa wakihofia valvu zao walilazimika kuzoea.

Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwezi wa Julai 2021. Tangazo kwamba petroli yenye risasi imekwisha katika vituo vya mafuta lilitolewa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, kutoka makao yake makuu jijini Nairobi tarehe 30 Agosti, 2021. Shirika hilo lilikadiria kwamba hatua hiyo itazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Siku iliyotangulia ilikuwa imetimia miaka 145 tangu Kettering azaliwe.

Katika viwanja vya mbio, mafuta yenye risasi yangali yanatumiwa na baadhi ya washindani, na ndege ndogo za pistoni katika nchi nyingi hazijaachana nayo. Katika barabara za kawaida, hata hivyo, fundi anayetega pointi za gari kuukuu anaweza kuitumia cheche ya Kettering bila kuivuta sumu yake. Ilichukua miaka 98 kuvitenganisha vitu hivyo viwili, ilhali njia nyingine ilikuwa mezani pake tangu siku ya kwanza.